Huko Yerusalemu Wanatujua Sisi?



Wapendwa vijana wenzangu, kila Ijumaa Kuu kuna tangazo fupi ambalo wengi wetu hatulisikilizi vizuri. Linasomwa wakati watu wamechoka, jua la saa tisa linawaka, watoto wanalia, na mstari wa kwenda kuuabudu Msalaba bado ni mrefu: sadaka ya leo yote ni kwa ajili ya Nchi Takatifu. Basi. Unatoa ulichoshika mkononi, unabusu Msalaba, unarudi nyumbani kimya kimya.

Kwaresima iliyopita nilikuwa parokiani kwa mwaka wa kichungaji, na paroko akanituma kwenye jumuiya moja ndogondogo nikaeleze mchango huo mapema ili watu wajiandae. Nilipomaliza, mzee mmoja akanyoosha mkono. Huyu mzee si mchoyo hata kidogo, ndiye aliyetoa mabati ya kwanza kigango kilipoanza. Akauliza: "Frateri, huko Yerusalemu wanatujua sisi?" Watu wakacheka. Halafu mama mmoja akaongeza, yeye bila kucheka: "Na bibi wa nyumba ya tatu hapo, dawa zake za presha zimeisha tangu wiki iliyopita."

Jumuiya inasali asubuhi na mapema, watu wanawahi sokoni, kwa hiyo siku ile nilijibu kwa dakika tano. Hapa nina nafasi zaidi. Tena naona ni swali la vijana kuliko la wazee, maana nimelikuta kwenye makundi yetu ya WhatsApp kwa maneno mengine: kwetu kwenyewe hatujamaliza, ya nini kupeleka mbali?

Nianze na Mtume Paulo. Kwa zaidi ya mwaka mmoja, katikati ya miaka ya 50 ya karne ya kwanza, Paulo alikuwa na kazi moja ambayo mahubiri yetu huigusa mara chache: alikuwa anachangisha. Alizunguka na kuandika barua Galatia, Makedonia na Akaya akikusanya hela kwa ajili ya Wakristo maskini wa Yerusalemu. Ukisoma 1Kor 16, 2Kor 8 na 9, na Rum 15 kwa pamoja, utaona habari moja inayoendelea, kama vile unasoma kumbukumbu za kikao cha kamati. Kutoka Korintho hadi Yerusalemu ni zaidi ya kilomita 1,000, na kwa meli za wakati ule safari ilikuwa ya wiki nyingi na ya hatari. Watu waliombwa hela hizo hawakuwahi kuiona Yerusalemu, na wengi wasingeiona mpaka kufa.

Na je, Yerusalemu waliwajua? Hapa swali la mzee linakuwa kali zaidi. Waliwajua, ndiyo, lakini si wote waliowapenda. Wakristo wa Korintho na Filipi wengi wao walikuwa Wayunani, hawakutahiriwa, hawakukulia katika Sheria. Kule Yerusalemu walikuwepo waliokuwa na mashaka makubwa kama hawa ni Wakristo kweli. Kwa hiyo Paulo hakuwa anawaomba watu wawasaidie marafiki. Alikuwa anawaomba wawalishe ndugu ambao bado wanawatazama kwa jicho la pembeni.

Sababu anayoitoa katika Rum 15:27 ilinishangaza nilipoisoma polepole. Haongei kuhusu huruma. Anaongea kuhusu deni. Wayunani wamepokea Injili kutoka kwa watu wa Yerusalemu, kwa hiyo wakiwatumia mkate wanarudisha sehemu ndogo ya kile walichopewa. Yaani anayetoa ndiye mdaiwa! Sisi tumezoea kumfikiria mtoaji yuko juu na mpokeaji yuko chini, mkono mmoja umeinama na mwingine umefunguka. Paulo anaigeuza picha yote. Kabla hujatoa chochote ulishapokea, na pengine kutoka kwa watu haohao unaodhani unawasaidia.

Sasa tazama nani alitoa vizuri. Korintho ulikuwa mji wa biashara, wenye bandari mbili, mji wa watu wa hela. Wakorintho ndio waliojitokeza mwaka mmoja kabla wakaahidi, na Paulo akajisifu kwa ajili yao kila alikopita. Mwaka ukapita. Hela hakuna. Nyote mnamjua mtu wa namna hii. Kwenye kikao cha harusi anasimama, "Andikeni laki mbili!", anapigiwa makofi, na wiki ya harusi simu yake haipatikani. Sura ya 9 ya waraka wa pili ni Paulo anayewafuatilia kwa upole, kwa heshima, lakini anawafuatilia. Ahadi ni deni, hata kwa watakatifu.

Wamakedonia walikuwa kinyume chao. Filipi na Thesalonike zilikuwa jumuiya zilizokuwa zinateswa, na Paulo anasema umaskini wao ulikuwa wa kupindukia (2Kor 8:1-5). Inaonekana hata yeye hakutaka kuwabebesha mzigo huo. Wao ndio waliombembeleza. Waliomba wapewe nafasi ya kutoa, kama vile wengine tunavyoomba kusamehewa mchango. Wahenga wetu walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na nadhani methali hiyo ingewafurahisha sana Wafilipi.

Kwa nini maskini aombe kutoa? Nimelifikiria sana swali hili, na jibu langu ni kwamba kumwambia mtu "wewe usitoe, wewe ni maskini" kunaweza kuwa njia ya kumtoa nje ya familia kwa lugha nzuri. Kwenye msiba wa kwetu, hata yule asiye na kitu huleta kuni, au ndoo ya maji, au anakaa usiku kucha na wafiwa. Ukimwambia "wewe acha tu, tutafanya sisi", umemwambia kwamba msiba huu si wake. Wamakedonia walikataa kuambiwa hivyo. Na mimi nakataa kwa niaba ya Kanisa letu la Afrika, kila ninaposikia hoja kwamba sisi ni wa kupokea tu mpaka tutakapoendelea.

Tena kihistoria si kweli. Mwaka 253 hivi, watu wa kabila za mpakani waliwateka Wakristo wengi huko Numidia, sehemu ambayo kwa kiasi kikubwa ni Algeria ya leo. Maaskofu wa kule waliandika kuomba msaada wa kuwakomboa. Mtakatifu Sipriani, Askofu wa Karthago, katika Tunisia ya leo, akalikusanya Kanisa lake, waamini wakachanga, na akatuma sestersi 100,000. Barua yake ya kusindikiza hela hizo tunayo mpaka leo. Kinachonigusa mimi Mtanzania ni jambo dogo ndani yake: Sipriani aliambatanisha majina ya waliochanga, akaomba wakumbukwe katika sala na sadaka. Ni daftari la rambirambi! Lile lile linalokaa juu ya meza ndogo pale msibani, mwandishi akiwa na kalamu. Waafrika, karne ya tatu, wanachangia mateka wa majimbo mengine na kutuma orodha ya majina. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kutoa kwa ajili ya walio mbali ni desturi tuliyoletewa na wageni.

Turudi kwa mzee na swali lake, maana lina jibu jingine linalonihusu mimi mwenyewe.

Mwaka 1889, katika mji wa Caen, Ufaransa, Jeanne Bigard na mama yake Stéphanie walikuwa wameguswa na shida ya askofu wa Nagasaki, Japani. Alikuwa na vijana waliotaka kuwa mapadre na hakuwa na hela ya kuwasomesha wote. Wanawake hawa wawili wakaanza kukusanya. Kazi yao leo inaitwa Shirika la Kipapa la Mtakatifu Petro Mtume, na linasaidia seminari katika nchi za misioni, zikiwemo za kwetu. Nimesoma falsafa miaka mitatu. Nimewasoma Plato na Kant nikiwa nimeshiba ugali na maharage. Nani alilipia ule ugali? Wazazi wangu walitoa walichoweza, jimbo likatoa, akina mama wa WAWATA wa parokia yangu walileta gunia la mahindi kila mavuno, Mungu awabariki. Lakini hela ya seminari haitoki nyumbani tu. Sehemu hutoka kwa watu ambao sitakutana nao. Pengine ni bibi mmoja aliyetia sarafu kwenye kikapu Dominika ya Misioni, baridi kali nje, miguu inamuuma. Hanijui. Hajui kijiji chetu kiko upande gani wa dunia. Angeuliza "Huko wananijua mimi?" na akarudisha mkono mfukoni, sijui kama leo ningekuwa naandika haya.

Na msidhani ni njia ya upande mmoja. Kikapu cha Dominika ya Misioni kinapita kwetu pia kila Oktoba, na kinachokusanywa huku kinaingia kwenye mfuko uleule wa Kanisa zima. Yule muuza mihogo wa kigangoni anaposhusha mia tano, hawezi kujua itaishia Asia au Visiwa vya Pasifiki.

Sasa tuongee kuhusu bibi wa dawa za presha, maana yule mama hakusema vile kwa bahati mbaya. Dawa zilinunuliwa. Kikapu kilizunguka kabla hatujafunga sala, kijana mmoja wa bodaboda akatumwa duka la dawa, na bibi akazipata kabla ya chai. Nataka mlione hilo: watu walewale, asubuhi ileile. Na Ijumaa Kuu walitoa pia. Nilikuwa nashika kikapu, niliwaona.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba upendo una mpangilio. Walio karibu nasi wana haki ya kwanza juu yetu: wazazi, ndugu, watu wa nyumba moja. Hapo mzee na mama wanaungwa mkono na mwalimu mkubwa kabisa. Lakini Thomas haishii hapo. Anasema pia kwamba kuna wakati unapaswa kumsaidia mgeni aliye katika hatari ya mwisho kabla ya baba yako mwenyewe, ikiwa baba yako hana shida kubwa kiasi hicho. Kumbe ukaribu ni kipimo kimoja, na uzito wa shida ni kipimo kingine, na Mkristo anatembea na vyote viwili mfukoni. Hakuna fomula. Lazima uangalie.

Na neno letu "jirani" linatudanganya kidogo. Kwa Kiswahili jirani ni mtu wa nyumba ya pili, unayemwomba chumvi. Tunaposoma Luka 10 tunaingia na picha hiyo kichwani. Lakini yule Msamaria alikuwa safarini, hakuwa wa mtaa ule, na aliyepigwa hakuwa hata wa kabila lake. Yesu aliulizwa jirani yangu ni nani, naye akajibu kwa kuonyesha nani alijifanya jirani kwa mwenye shida. Ujirani kwa Yesu unafanywa, haupimwi kwa hatua.

Kuna kosa la upande wa pili pia, na kwetu vijana wa mitandaoni ndilo kubwa zaidi. Ni rahisi sana kuwapenda watu wa mbali. Wa mbali hanuki, hakopi, hakupigii simu saa sita usiku. Utamkuta mtu ameweka mshumaa na bendera kwenye status yake kwa ajili ya watu walioko bara jingine, na dada wa kazi nyumbani kwake hajalipwa miezi miwili. Tajiri wa Luka 16 hakuhukumiwa kwa sababu ya maskini wa nchi za mbali. Lazaro alikuwa amelala mlangoni pake, kila siku alimruka kwenda kazini. Kama kutoa kwako kwa mbali ni njia ya kumruka Lazaro wako, heri hela hiyo uipeleke mlangoni kwanza.

Mwezi Desemba 2023, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yalipoufunika mji wa Katesh, katika Jimbo la Mbulu, na kuua watu zaidi ya 80, hakuna mtu niliyemsikia akiuliza kama wanatujua. Watu walileta unga, nguo na mablanketi mpaka pakakosa pa kuweka. Kwa nini? Kwa sababu tuliwaona. Picha zilikuwa kwenye simu zetu usiku uleule. Lakini kule Nyarugusu, wilayani Kasulu, kuna kambi ya wakimbizi tangu mwaka 1996, Wakongo na Warundi, na kuna waliozaliwa humo ambao sasa ni watu wazima wenye watoto wao. Ni ndani ya nchi hiihii. Wengi wanasali rozari kwa Kiswahili kama sisi. Mara ya mwisho kikapu kupita kwa ajili yao parokiani kwako ilikuwa lini? Naona mara nyingi tunachoita "mbali" ni kile tu ambacho hakijaletwa mbele ya macho yetu.

Ndiyo maana sadaka ya Ijumaa Kuu inatangazwa. Papa Paulo VI aliiwekea utaratibu mwaka 1974, lakini yenyewe ni ya zamani zaidi, na inasaidia kutunza mahali patakatifu pamoja na shule, parokia na familia za Wakristo wa nchi ile. Tukisikia "Nchi Takatifu" tunafikiria mawe na makaburi. Mimi naomba mfikirie watu. Pale Gaza kuna parokia moja ya Kikatoliki, Familia Takatifu. Tangu vita ya Oktoba 2023 mamia ya watu walijihifadhi katika eneo la kanisa, na Papa Fransisko, mpaka siku zake za mwisho, alikuwa akiwapigia simu karibu kila jioni kuuliza wamekula nini. Tarehe 17 Julai 2025 kanisa hilo lilipigwa, na watu watatu wakafa. Ni Wakristo wa nchi ileile ambayo Paulo aliichangishia. Karibu miaka 2,000 imepita, na mchango bado unaelekea upande uleule.

Najua swali linalofuata, maana nimeletewa mara nyingi inbox: "Frateri, lakini hela zinafika?" Ni swali halali, na si dhambi kuliuliza. Paulo mwenyewe aliliona kabla ya kuulizwa. Alikataa kubeba fedha peke yake. Aliwaambia Wakorintho wachague watu wao wenyewe wanaowaamini, watakaosindikiza zawadi wakiwa na barua (1Kor 16:3). Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine waliokuwa na jina zuri makanisani, na akasema wazi sababu yake: hakutaka mtu yeyote apate la kumlaumu katika fedha nyingi namna ile, na alitaka mambo yawe sawa mbele ya Mungu na mbele ya watu pia (2Kor 8:18-21). Mbele ya watu pia! Kwa hiyo parokia inaposoma matangazo kwamba Dominika iliyopita zilipatikana kiasi fulani na zimepelekwa mahali fulani, hiyo siyo porojo ya baada ya Misa, ni kumfuata Mtume. Na parokia isiyosoma, vijana iombeni isome. Kwa adabu, kupitia viongozi wenu, lakini iombeni.

Kwa sababu hiyohiyo, msitume hela kwa akaunti za Facebook zenye picha ya padre au sista anayelia kwamba yatima wake wamelala njaa. Matapeli wamejua kwamba Wakatoliki wana huruma. Paulo aliandika barua za utambulisho. Wewe pitisha kwa paroko, kwa Caritas ya jimbo, kwa mhasibu wa jumuiya unayemjua kwa sura.

Mwisho, kwa wale mnaosema "mimi ni mwanafunzi, sina ajira, nitoe nini". Pauline Jaricot alizaliwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1799. Akiwa msichana wa miaka ishirini hivi alitaka kusaidia misioni, na watu aliokuwa nao karibu walikuwa wafanyakazi wa viwanda vya hariri, watu wa mshahara mdogo sana. Mpango wake ulikuwa rahisi mpaka unachekesha. Kila mtu atoe senti moja kwa wiki na asali kila siku. Kila mmoja atafute wenzake kumi. Makundi kumi yanakuwa mia, mia kumi zinakuwa elfu. Mwaka 1822 mpango huo ukawa shirika rasmi la Uenezaji wa Imani, ambalo sasa ni la Kipapa na ndilo linalohusika na mchango wa Dominika ya Misioni. Sehemu ya hela zake za kwanza ilikwenda Louisiana na Kentucky. Ndiyo, Marekani! Wakati ule Marekani ndiyo ilikuwa misioni, ikipokea senti za wasichana wa kiwandani. Pauline mwenyewe alitapeliwa baadaye katika mradi mwingine na akafa maskini mwaka 1862. Kanisa lilimtangaza mwenyeheri tarehe 22 Mei 2022.

Sasa fanyeni hesabu yake kwa hela yetu. Vijana kumi, jero kwa wiki kila mmoja. Ni 5,000 kwa wiki, 260,000 kwa mwaka, kutoka kwenye pesa ambayo haitoshi hata bando la siku mbili. Kundi moja la VIWAWA nililokaa nalo walikubaliana nusu ibaki mtaani kwa wagonjwa na wazee wa jumuiya, nusu iende mbali, na mahali pa mbali wanachagua pamoja kila miezi mitatu. Wanatoa taslimu Dominika baada ya Misa ili makato ya miamala yasile sadaka. Wawili wanashika daftari, si mmoja. Mwezi uliopita walibishana karibu saa nzima kama Kigoma ni karibu au mbali. Nilifurahi sana kuwasikiliza.

Kuna jambo moja katika habari ya Paulo ambalo sijalisema. Mchango ulipokamilika, aliamua kuupeleka mwenyewe, ingawa alijua Yerusalemu ni hatari kwake. Kabla ya kuondoka aliwaandikia Warumi akiwaomba sala, na moja ya nia zake ilikuwa kwamba watakatifu wa Yerusalemu waikubali ile zawadi (Rum 15:31). Fikiria: umechangisha zaidi ya mwaka, umevuka bahari, na hujui kama watapokea. Alifika pamoja na wajumbe wa makanisa, akiwemo Trofimo wa Efeso. Watu walipomwona Trofimo, mtu wa mataifa, akitembea mjini na Paulo, wakadhani amemwingiza Hekaluni. Vurugu ikazuka, Paulo akakamatwa, na toka hapo hakuwa huru kwa miaka mingi (Mdo 21:27-33). Mbele ya Feliksi, liwali wa Kirumi, alieleza kwa sentensi moja tu kwamba alikuwa amekuja kuleta sadaka kwa taifa lake (Mdo 24:17).

Aliomba sala kabla ya kuomba usalama wa hela. Pauline Jaricot naye, miaka minne tu baada ya shirika lake la senti, alianzisha Rozari Hai: watu kumi na watano, kila mmoja fumbo lake moja kwa siku, ili pamoja wakamilishe rozari nzima ya wakati ule. Mimi wiki hii nimechukua fumbo la tano la uchungu, Yesu anakufa msalabani, kwa ajili ya parokia ya Gaza na kwa ajili ya bibi wa nyumba ya tatu, maana presha yake imepanda tena. Ukitaka fumbo, andika hapo chini ni lipi unachukua na nia zako mbili, moja ya karibu na moja ya mbali. Nitazisoma kwa majina kwenye Masifu ya Jioni siku ya Ijumaa.